Mtungi wa Meza Kuu

Jumanne, 3 Juni

Siku imeanza vibaya. Mzee Msimamizi katutangazia kwamba mwisho wa mwezi huu anastaafu. Ukumbi wa sanaa utahitaji msimamizi mpya. Maana yake ni funguo! Kile kitita chote cha funguo anachokivaa kiunoni, ambacho mlio wake hufika kabla yake, na sote tukajifanya tunafanya kazi.

Wasaidizi tuko wawili. Mimi, niliyeanza zamani. Na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye kazi nilimwombea mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Ningejua ningeutia gundi.

Atakayechagua ni Mwenyekiti wa bodi. Amesema atawatazama wasaidizi wakati wa tamasha la sanaa wiki hii, maana anataka msimamizi mwenye jicho la sanaa. Shemeji akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wa paka mbele ya kitoweo.

Nikifikiria siku nitakayobisha mlango wa shemeji kumwomba anifungulie stoo ya viti, damu inanichemka. Kijana niliyemfundisha kufunga tai! Nimemweleza mke wangu. Kasema yeyote kati yetu akipata, ni heri kwa nyumba. Damu nzito kuliko maji, na yake yote ni ya kwao.

Jumatano, 4 Juni

Siku ya kupanga meza. Kazi yangu hiyo, na naijua. Nani akae wapi ni juu yangu. Kwa siku moja katika mwaka mimi ni mtu.

Mchana imefika pikapu imejaa vikapu na majani makavu. Akashuka mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mfinyanzi, kasema. Akanishika mkono kabla sijaurudisha nyuma. Shati langu jeupe, nililolipiga pasi mwenyewe kwa kuwa mke wangu alikuwa amenuna, likapata chapa ya udongo kwenye mkono. Badala ya kuomba radhi, kacheka! Kasema udongo haumpaki mtu usiyempenda.

Nikatazama mpango wangu. Nafasi yake ilikuwa mlangoni kabisa, nzuri kuliko zote. Nikaikata. Mlangoni nikamweka muuza fremu za picha, mtu mtulivu, mikono safi. Mama nikampeleka pembeni kabisa, jirani na vyoo. Akajifunze adabu huko.

Hakubisha. Kanishukuru! Hilo limenikera hata usingizi hauji.

Alhamisi, 5 Juni

Tamasha limefunguliwa. Mlangoni hakuna mtu. Muuza fremu amesinzia juu ya fremu zake. Nikauliza watu wako wapi. Nikaambiwa wamejaa kule vyooni.

Nikajua maji yamekatika. Nikaenda na ukali wangu wote mdomoni. Nikapenya, nikasukuma, nikafika mbele nimefungua kinywa. Nikakifunga.

Sijui niandikeje. Vyungu, mabakuli, vikombe, mitungi. Vyeusi vingine, vingine vyekundu vyenye baka la moshi ubavuni. Hakuna viwili vilivyofanana, lakini vyote ungejua ni ndugu. Nikachukua bakuli dogo. Lilikaa kiganjani kana kwamba mtu alikuja nimelala akanipima mkono. Chini yake nikapapasa alama ya kidole gumba cha aliyelifinyanga. Nimesimama pale sijui muda gani. Sikumkasirikia mtu yeyote. Ilikuwa hali ngeni, nikaogopa kidogo.

Halafu nikasikia mtu anavuta chai. Shemeji! Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya meza ya mama, anakunywa chai kwenye kikombe cha udongo na anamwita mama yangu, mama yangu. Kumbe tangu jana jioni amemsaidia kushusha vikapu. Mnafiki mkubwa!

Hapo hapo akili yangu ikaamka. Nani alimweka mama huyu pale? Mimi. Nani wa kwanza kushika mkono wake? Mimi, na chapa ninayo kwenye shati. Basi aliyemgundua ni mimi. Mwenyekiti wa bodi anakuja Jumamosi. Nitamwonyesha jicho la sanaa mpaka alikimbie.

Ijumaa, 6 Juni

Udongo uwahi ungali maji. Nimeamkia kazini.

Kwanza nimemwendea mama, nikamwambia kwa upole kwamba nimeamua kumpandisha cheo. Ahamie mlangoni. Kakataa! Kasema mlangoni watu hupita mara moja wakiwa na haraka, lakini huku kila mtu lazima aje, awe tajiri awe maskini, na akitoka huwa ametulia, ana nafasi ya kutazama vitu. Tena bomba la maji liko karibu. Kasema hajawahi kupewa nafasi nzuri kama hii, Mungu anilipe. Watu wakacheka. Shemeji alicheka mpaka akashika meza.

Nikameza. Nikaenda kuandika bango kwenye boksi gumu, kwa herufi kubwa: MFINYANZI ALIYEGUNDULIWA NA MSAIDIZI MWANDAMIZI WA UKUMBI. Huo mwandamizi nimejiongezea, lakini miaka ipo. Nikalisimamisha mbele ya meza yake. Niliporudi baada ya chakula, bango limelazwa chini na juu yake kuna donge la udongo analolipiga ngumi. Nikamuuliza. Kasema alidhani nimemletea kibao cha kukandia, na kweli ni kigumu kizuri.

Sasa jambo lenyewe. Nyuma ya meza, chini ya magunia, kuna ubao umepangwa mitungi ya rangi ya kijivu. Niliinua gunia. Jamani! Imesuguliwa mpaka inang'aa, shingo nyembamba, na mmoja hasa, una tumbo la duara lenye nakshi ya mistari inayozunguka kama maji bombani. Ile ya mbele ni mizuri. Hii ni mizuri zaidi. Nikasema nataka huo.

Mama akanipiga kofi la mkono! Kasema hiyo haiuzwi, haiguswi, mpaka Jumapili. Akaanza kunieleza sababu. Nikamkatiza. Sihitaji kuelezwa habari za meza zangu mimi. Nikaondoka na heshima yangu.

Lakini nilijificha nyuma ya turubai nikaangalia. Jua lilipogeuka, nani aliitwa kuusogeza ubao kivulini? Shemeji! Aliubeba kwa mikono miwili, pole pole, kama anabeba mtoto mchanga. Yeye anagusa, mimi napigwa kofi.

Nimeelewa kila kitu. Ile mizuri wameificha. Jumapili, tamasha likiisha, shemeji atamzawadia Mwenyekiti mtungi ule mbele ya bodi, na funguo zitalia kiunoni kwake. Mke wangu anasema labda kuna sababu nyingine. Nimemwuliza yeye ni mke wa nani.

Jumamosi, 7 Juni

Ninaandika nikiwa nimejifungia chumbani. Mke wangu yuko nje ya mlango, ananiuliza kama nitakula. Sitakula.

Asubuhi mapema, mama alipokwenda kunawa, niliutwaa mtungi. Sikuiba. Ni wa tamasha, na tamasha ni la ukumbi, na ukumbi nauhudumia mimi. Nikaufunika koti, nikaupeleka jukwaani, nikaupanga katikati ya meza kuu, juu ya kitambaa cheupe, mbele kabisa ya kiti cha Mwenyekiti. Nikatia maua mekundu. Nikaujaza maji mpaka shingoni ili maua yasinyauke.

Mwenyekiti akafika, suti rangi ya maziwa, viatu vinang'aa. Macho yake yakatua kwenye mtungi moja kwa moja. Kauliza nani ameuleta. Nikasogea. Nikasema ni mimi, jicho langu halikosei. Akanipiga begani! Shemeji alikuwa anapanga viti vya nyuma. Aliinua kichwa, akaona mtungi, akaanza kunipungia mikono yote miwili. Nikageuka upande mwingine. Wivu haujambo.

Mwenyekiti akasimama kuhutubia. Anahutubia vizuri lakini hana breki. Alipofika kwenye umuhimu wa sanaa kwa taifa, nikaona mtungi unatoa jasho. Nikasema joto. Alipofika kwa vijana, nakshi zikaanza kufutika. Shemeji naona anaruka viti anakuja mbio. Alipofika kwenye misingi imara, tumbo likapasuka.

Halikupasuka kama kitu kinachovunjika. Lililegea. Lilikaa chini kama mtu aliyechoka, maua yakalala, na maji ya tope yakashuka mezani, yakapita juu ya karatasi za hotuba, yakamwagika mapajani mwa Mwenyekiti. Tone, tone, tone.

Nilipaswa kunyamaza. Najua watu wangesema hivyo. Lakini hasira ilikuwa imefika kooni. Nikashika kipaza sauti. Nikapiga kelele kwamba mama yule wa vyooni ni tapeli, anawauzia watu vyungu bandia, rudisheni, daini haki zenu!

Watu wakakimbilia vyooni na vikombe vyao. Nikawafuata, nimesimama kifua mbele. Mama alikuwa amezungukwa, kila mtu anamsukumia chombo chake. Yule mwenye sauti ya ng'ambo ya mto hakuwa na sauti. Alikuwa ananitazama mimi tu. Sikupenda alivyonitazama.

Halafu akachukua mtungi mwekundu wa mezani, akaujaza maji bombani, akaunyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, mbele ya wote, akasimama hivyo. Halikudondoka hata tone. Mikono ilianza kumtetemeka na bado hakuushusha. Mmoja mmoja watu wakanyamaza. Mmoja mmoja wakachukua vikombe vyao wakaviweka vifuani.

Ndipo shemeji, anahema, akawaeleza. Ile ya kijivu ni mibichi. Haijaingia motoni. Imekauka kwa jua tu, na mtungi uliokauka kwa jua ukitiwa maji hurudi kuwa udongo. Mama aliileta makusudi ili aichome Jumapili uwanjani, watu waone. Imeandikwa kwenye ratiba ya tamasha. Ile ratiba niliyoibandika kila ukuta, mimi. Niliajiriwa kubandika, sikuajiriwa kusoma!

Mama akapata sauti yake. Jinsi alivyoipata! Kasema tumbo lile hajawahi kulipata tangu azaliwe, kasema alilifinyanga akashindwa kulala kwa furaha, na sasa limekwenda kukaa kwenye suruali ya mtu. Alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Kanitukania mpaka mikono yangu, kasema ni ya kubebea viti tu. Mwenyekiti, suruali imemganda, kamwuliza anataka alipwe nini. Kasema hataki fedha. Anataka miguu yangu.

Jumapili, 8 Juni

Miguu yangu! Udongo wote uliozolewa mezani, pamoja na marobota mengine mawili aliyoyaleta, umetandazwa juu ya turubai, katikati ya uwanja, nami nimekunja suruali nakanyaga. Hivyo ndivyo unavyolainishwa, kasema. Uliokufa unachanganywa na ulio hai. Mtu akanyage kwa kisigino, azunguke, asiruke pembe. Kila nilipochoka alinipigia kelele. Watu wamenipiga picha. Muuza fremu ameamka, anatengeneza fremu.

Shemeji kaniletea maji ya kunywa. Kwenye kikombe cha udongo! Kaniuliza kama miguu inauma. Huo ni uchokozi. Nikayanywa kwa kuwa kiu ilinishika.

Alasiri wakapanga mitungi iliyobaki, wakaifunika kuni na majani makavu, wakawasha. Nilikuwa nimekatazwa kusogea. Moto ulipokufa mama akaichokoa kutoka kwenye majivu kwa fimbo ndefu. Ilitoka myekundu, ikapoa, ikabaki na mabaka yake ya moshi. Akagonga mmoja kwa ukucha. Ukalia. Sauti safi kabisa, na watu wote wakatabasamu bila kuambiwa. Mama akanitazama kwa mbali. Nikainamia udongo wangu. Vumbi la majivu liliniingia machoni, nasema hivyo kwa kuwa mke wangu alikuwepo na aliniuliza.

Mwenyekiti hakuja. Suti iko kwa dobi. Ametuma neno kwamba uamuzi wa funguo ataufanya mwisho wa mwezi, na kwamba jina langu bado analifikiria. Analifikiria! Najua anavyolifikiria.

Jumamosi, 28 Juni

Shemeji amekuja nyumbani na kifurushi cha majani makavu. Kimetoka kwa mama mfinyanzi. Ndani, bakuli. Jekundu, baka jeusi ubavuni, na mistari ile ile inayozunguka. Kasema mama amelifinyanga kwa udongo nilioukanyaga. Kwamba nimekanyaga vizuri, udongo hauna hata punje, na kwamba hana kinyongo, ila nisisogee meza yake tena maisha yangu yote.

Nikalishika. Chini nikapapasa alama ya kidole gumba. Nikakaa kitini.

Shemeji akasogeza kiti. Kasema kesho kutwa Mwenyekiti anaamua, na yeye yuko tayari kwenda kumwambia anipe mimi funguo, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwombea kazi. Kasema hivyo akinitazama usoni! Nimegundua mtego papo hapo. Anataka nizipate kwa hisani yake, ili kila nikifungua mlango nimkumbuke. Nimemwambia ahsante, nitazitafuta mwenyewe. Mke wangu amefunga mlango wa jikoni kwa nguvu.

Baadaye mke wangu katoka jikoni, kasema niende nikamwombe Mwenyekiti radhi, nimkabidhi bakuli, nirudi nyumbani. Basi. Nisiongeze neno. Nimemwahidi.

Jumatatu, 30 Juni

Nimekwenda. Nimevaa shati lile lile. Mwenyekiti alikuwa ofisini kwake, suti imerudi, lakini dobi hakufaulu, pana kivuli kama ramani mapajani. Hakuniambia nikae.

Nikaomba radhi. Nikaweka bakuli mezani. Akalichukua, akaligeuza, akaligonga kwa ukucha. Likalia. Uso ukamlainika. Kauliza nani amelifinyanga.

Nilikuwa nimeahidi. Lakini tuwe wakweli, udongo ulikanyagwa na nani? Bila miguu yangu bakuli lingetoka wapi? Nikasema nimelifinyanga mimi. Kwamba nimejifunza. Kwa kujuta.

Mwenyekiti akavua miwani! Kasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta, mtu aangukaye kwenye tope akainuka na bakuli. Kasema funguo ni zangu. Zangu! Akanikumbatia. Nikatoka nikitembea juu ya hewa, nimeshafika ngazini, akaniita.

Kasema funguo nitakabidhiwa Jumamosi, ukumbini, mbele ya bodi na wageni. Na kabla ya kukabidhiwa nitakaa jukwaani nifinyange bakuli jingine kama lile, wote waone. Mama mfinyanzi atakaa kiti cha mbele, ameshampigia simu aje na udongo, na mama alipoambiwa ni kazi ya nani alicheka kwa muda mrefu sana, kisha akasema hatakosa hata akiumwa. Funguo zitashikwa na shemeji mpaka nimalize.

Tangu mchana niko uani na udongo wa bustani. Nimefinyanga vitu. Kila kimoja kinalala ubavu. Kimoja kimetokea kama kiatu. Mke wangu kanitazama dirishani, kisha kasema bado kuna siku za kutosha, niende kesho asubuhi niseme ukweli, nimwachie mdogo wake funguo, niendelee na meza zangu. Nimemwambia ukweli una wakati wake na si wiki hii. Nina mpango. Nitaufunga mkono bandeji.

Lakini hasira ninayo, na ninajua niielekeze wapi. Si kwangu. Ni kwa yule mama. Nani alimtuma kufinyanga bakuli zuri kiasi kile? Angelifinyanga vibaya kidogo tu, yasingenifika haya.